Gunzi la Kibaigwa na Somo la Maumbile

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma hupita Kibaigwa, mji mdogo wa wilaya ya Kongwa ambao jina lake limevuma hadi nchi jirani kwa sababu ya soko lake la mahindi. Magunia hufika hapo kutoka vijiji vya Kongwa, Kiteto na kwingineko. Hupimwa, huuzwa, kisha hupakiwa katika malori yaendayo mbali. Kila gunia lina hesabu yake. Lakini kuna sehemu moja ya zao hilo ambayo haifiki kwenye mizani wala haiandikwi katika daftari la mtu yeyote, nayo ni gunzi. Gunzi hubaki nyuma, shambani na uani, pale mahindi yalipopukuchuliwa.

Katika kila kilo 100 za mahindi makavu ambayo hayajapukuchuliwa, magunzi huwa yapata kilo 15 hadi 20. Baadhi huwashwa jikoni badala ya kuni, baadhi hutafunwa na mifugo, na mengine huoza au huchomwa moto penye taka. Matumizi ya jikoni na ya zizini yana maana yake, wala hayafai kudharauliwa. Hata hivyo gunzi lina thamani nyingine ambayo shule za sekondari za uwanda wa kati zinaweza kuifundisha kwa gharama ndogo sana. Gunzi ni kiunzi kilichokwisha kujengwa na maumbile, nacho ki tayari kupokea chuma na kugeuka kuwa kitu chenye vitundu na chenye kuvutwa na sumaku. Vitu vya namna hiyo vinachunguzwa leo katika maabara za dunia nzima kwa ajili ya kusafisha maji na kupima sumu katika vyakula. Yafaa mwanafunzi wa Kongwa avifahamu kwa kuvitengeneza, si kwa kuvisoma tu. Lakini yafaa vilevile afundishwe kwamba kitu hicho hakistahili kupewa kazi yoyote kabla ya kupimwa, maana ardhi ya Kongwa imekwisha kuonyesha gharama ya kutenda kabla ya kupima.

Kazi ya kitundu na kazi ya sumaku

Ili kuelewa umuhimu wa vitundu, na tuchukuliwe mchemraba wenye upande wa sentimita 1. Jumla ya eneo la nyuso zake ni sentimita 6 za mraba. Mchemraba huo ukikatwa kuwa michemraba midogo yenye upande wa milimita 1, maada haikuongezeka hata kidogo, lakini eneo la nyuso limekuwa sentimita 60 za mraba. Ukiendelea kukatwa hadi kila kipande kiwe na upande wa nanomita 10, yaani sehemu 10 za bilioni za mita, jumla ya nyuso itafika mita 600 za mraba. Vitundu vyembamba ndani ya mkaa hufanya kazi ileile ya kukata, ila mkaa wenyewe hubaki kitu kizima. Mkaa uliotayarishwa viwandani kwa ajili ya kusafishia maji huweza kuwa na nyuso za mita 1,000 za mraba katika gramu 1 tu. Gramu 7 za mkaa huo, ambazo hujaa kiganjani, zina eneo linalokaribia kiwanja cha mpira wa miguu.

Molekuli za rangi, za dawa za kuulia wadudu na za sumu nyingi hunata juu ya nyuso hizo. Jambo hilo ni tofauti na kufyonza kunakofanywa na sifongo. Sifongo hubeba maji pamoja na vyote vilivyomo, bali uso wa mkaa huchagua: hukamata baadhi ya molekuli na kuyaacha maji yapite.

Hapo ndipo linapozuka tatizo la pili. Kadiri mkaa unavyosagwa, ndivyo unavyofanya kazi upesi, na ndivyo inavyokuwa vigumu kuutoa tena majini. Unga mwembamba huelea, huziba vichujio, na huyafanya maji yaliyokusudiwa kusafishwa yawe meusi. Chembe za magnetaiti, ile oksidi nyeusi ya chuma, zikipandwa ndani ya mkaa huo, sumaku moja iliyowekwa nje ya chupa hutosha kuukusanya unga wote upande mmoja. Zaidi ya hayo, chembe za magnetaiti zilizo ndogo kuliko nanomita 20 hivi zina tabia ya pekee: huvutwa sumaku inapokuwa karibu, lakini sumaku ikiondolewa hazibaki na usumaku wa kudumu. Kwa hiyo unga haugandamani wenyewe kwa wenyewe, nao huweza kutawanywa majini mara nyingine.

Mafundi wa kwanza

Binadamu si fundi wa kwanza wa kazi hii. Mwaka 1975 mwanasayansi wa Marekani, Richard Blakemore, alitangaza habari za bakteria waishio katika matope ambao huogelea wakifuata uga wa sumaku wa dunia. Kabla yake, mwaka 1963, Salvatore Bellini wa Pavia, Italia, alikuwa amekwisha kuandika juu ya viumbe vya namna hiyo. Ndani ya bakteria hao mna chembe za magnetaiti zilizopangwa kama shanga katika uzi, kila moja ikiwa imefunikwa na utando wake. Nyingi huwa na upana wa nanomita 35 hadi 120. Kiumbe kisichoonekana kwa macho hutengeneza chembe zinazolingana kwa ukubwa na umbo, katika maji ya kawaida, bila tanuri.

Mfano wa pili unapatikana pwani ya Afrika Mashariki. Juu ya miamba inayopigwa na mawimbi huishi mnyama wa jamii moja na konokono na chaza, mwenye mabamba 8 mgongoni, ambaye wanasayansi humwita kitoni. Mnyama huyo hula mwani kwa kukwangua mwamba, na jiwe lingemmaliza meno upesi kama yangekuwa ya kawaida. Mwaka 1962 Heinz Lowenstam wa California alionyesha kwamba meno yake yamevikwa magnetaiti. Utaratibu wa kuyatengeneza ndio somo lenyewe: mnyama hujenga kwanza kiunzi laini cha kitini chenye nafasi ndani yake, kisha huzijaza nafasi hizo oksidi ya chuma iliyo laini na yenye maji, mwisho oksidi hiyo hugeuka kuwa magnetaiti ngumu. Kiunzi hutangulia, madini hufuata.

Wanakemia wameufuata mpango huo kwa njia nyingi. Mwaka 1981 Mfaransa René Massart alieleza jinsi ya kupata chembe ndogo sana za magnetaiti kwa kuchanganya chumvi za chuma katika alikali, ioni moja ya chuma yenye chaji mbili kwa kila ioni mbili zenye chaji tatu. Mwaka 1992 watafiti wa kampuni ya Mobil nchini Marekani walitangaza silika yenye vitundu vilivyopangwa sawasawa kama sega la nyuki, waliyoipata kwa kuzungushia silika mafungu ya molekuli zilizo kama za sabuni, kisha kuyaunguza mafungu hayo na kuyaacha matundu yake. Wengine wametumia mbao, pumba za mpunga, mabua ya miwa na magunzi kuwa viunzi. Mmea uliokuwa ukisafirisha maji na chakula katika mirija myembamba huacha mirija hiyo wazi baada ya kugeuzwa mkaa. Hakuna kiwanda kinachohitajika kuitoboa.

Majaribio yanayowezekana shuleni

Yapo maoni kwamba mambo ya nanomita ni ya mataifa makubwa, na kwamba shule isiyo na hadubini ya elektroni haina la kufanya. Maoni hayo hayana msingi. Jaribio lifuatalo lahitaji misumari isiyopakwa zinki au sufi ya chuma ya kusugulia masufuria, siki, magunzi, kopo lenye kifuniko, na sumaku iliyotolewa katika spika mbovu ya redio.

Chuma huachwa ndani ya siki kwa siku kadhaa hadi mmumunyo wa asetati ya chuma upatikane. Vipande vidogo vya gunzi hulowekwa humo usiku kucha, kisha hukaushwa juani. Baada ya kukauka hutiwa ndani ya kopo, kifuniko hutobolewa tundu moja dogo, na kopo huwekwa ndani ya moto wa mkaa, nje ya jengo na chini ya uangalizi wa mwalimu, kwa sababu mvuke utokao huweza kushika moto. Moshi ukikoma, kopo huachwa lipoe kabisa kabla ya kufunguliwa. Kitakachobaki ni yapata robo ya uzito wa gunzi kavu.

Hapo kemia hujionyesha yenyewe. Mkaa mweusi unaorukia sumaku una magnetaiti. Kopo likifunguliwa lingali moto, au tundu likiwa kubwa mno, hewa huingia, na unga huweza kuwa na wekundu wa kutu: magnetaiti imegeuka kuwa hemataiti, ambayo sumaku ya kawaida haiivuti kwa nguvu ya kuonekana. Mwanafunzi aliyekosea hivyo amejifunza juu ya oksijeni jambo ambalo ubao usingemfundisha vizuri zaidi.

Kisha huja kipimo. Glasi tatu hutiwa maji yaliyotiwa rangi kidogo, kwa mfano dawa ya zambarau ya vidonda. Ya kwanza haitiwi kitu. Ya pili hutiwa mkaa wa gunzi mtupu. Ya tatu hutiwa mkaa wenye chuma wa uzito uleule. Rangi hulinganishwa baada ya dakika 10, 30 na 60. Darasa likitayarisha mkaa wa aina tatu, wenye chuma kidogo, cha wastani na kingi, laweza kugundua mvutano ulio kiini cha elimu hii yote. Chuma kinapozidi, unga hukusanywa upesi zaidi na sumaku. Lakini chuma hichohicho huziba vitundu na kuongeza uzito, na kila gramu hukamata rangi pungufu. Hakuna kitabu kinachoweza kutoa jibu la moja kwa moja kuhusu kiasi kifaacho, kwa kuwa jibu hutegemea gunzi, moto na maji ya mahali. Hapana budi lipimwe. Maji ya majaribio hayo yasinywewe kamwe, na mkaa wa kopo usidhaniwe kuwa sawa na mkaa wa kiwandani, ambao vitundu vyake huongezwa kwa mvuke au kwa kemikali.

Fundisho la karanga

Umuhimu wa kupima waweza kuonekana katika historia ya wilaya ileile ya Kongwa. Mwaka 1946 ujumbe wa Uingereza ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki 9, na kupendekeza kilimo cha karanga katika eneo la ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kufyeka pori la Kongwa. Mchanga mkali uliochanganyika na mfinyanzi ulizila zana upesi. Kiangazi kilipofika, udongo uligandamana ukawa mgumu kupindukia, na karanga zikashikiliwa ardhini. Mvua nazo hazikufuata hesabu za London. Wagogo walijua tangu vizazi vingi kwamba nchi hiyo ni ya uwele na mtama kwa sababu ya ukame wake. Mpango uliachwa mwaka 1951, baada ya kuwagharimu walipa kodi wa Uingereza pauni zipatazo milioni 36.

Mpango ule haukushindwa kwa uhaba wa mashine wala fedha. Ulishindwa kwa sababu jibu lilinunuliwa kabla ya swali kuulizwa. Kosa hilo laweza kurudiwa kwa kitu kidogo kama lilivyotendwa kwa trekta. Mtu anaweza kusimama mbele ya wanakijiji akiwa na chupa ya maji meusi na sumaku mkononi, akayang'arisha maji machoni pao, akadai kwamba amemaliza shida ya maji ya Dodoma. Hatakuwa amesema kweli. Sehemu nyingi za uwanda wa kati zina maji ya visima yenye chumvi, na mkaa, uwe na sumaku au usiwe nayo, hauondoi chumvi ya kawaida. Katika mji wa Dodoma wataalamu wamewahi kueleza tatizo la naitreti katika maji ya ardhini. Mkaa mtupu hauna uwezo mkubwa juu ya naitreti. Maji ya sehemu za Singida na Arusha yana floraidi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mkaa wa mimea huikamata floraidi kwa udhaifu. Oksidi za chuma huikamata kwa kiasi. Oksidi za alumini na mkaa wa mifupa huikamata vizuri zaidi. Maji yanayong'aa si lazima yawe maji salama.

Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu katika mahindi na karanga. Mwaka 2016 mlipuko wa ugonjwa wake katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliua watu wapatao 20. Watafiti wameonyesha kwamba mkaa wenye chembe za sumaku, ukiwamo uliotokana na mabaki ya mimea, hukamata sumu hiyo ndani ya vimiminika, na maabara hutumia chembe za sumaku kuikusanya sumu ili ipimwe. Lakini hakuna sumaku itakayoitoa sumukuvu ndani ya punje kavu iliyomo guniani. Kwa mkulima anayepeleka mahindi Kibaigwa, kinga ni kuvuna kwa wakati, kukausha juu ya turubai wala si juu ya udongo, na kuhifadhi penye ukavu. Sayansi inayomficha mwananchi ukweli huo ili ijipatie sifa haimsaidii.

Yanayopasa kufanywa

Tanzania haikosi mifano ya kazi iliyoanza kwa kuuliza swali la mahali. Katika Kituo cha Utafiti wa Kuondoa Floraidi cha Ngurdoto, mkoani Arusha, mifupa ya ng'ombe imegeuzwa mkaa wa kuondolea floraidi katika maji ya kunywa. Mfupa nao ni kiunzi chenye vitundu kilichojengwa na maumbile, na madini yake ya fosfeti ya kalsiamu ndiyo yanayoipokea floraidi. Mwaka 2015 mhandisi wa kemia Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alipata tuzo ya uhandisi barani Afrika itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Kichujio chake huunganisha mchanga na viambato vya ukubwa wa nanomita, navyo huchaguliwa kulingana na uchafu uliopimwa katika maji ya mahali panapohusika. Sifa kubwa ya kichujio hicho imo katika maneno hayo ya mwisho.

Kwa hiyo yafaa mambo matatu yafanywe. La kwanza, shule za sekondari za Kongwa na wilaya jirani zianze kwa kuweka daftari la maji: kisima kipi kina chumvi, kipi kina tope, kipi kina floraidi, katika masika na katika kiangazi. Vipimo ambavyo shule haina, ofisi za maji na vyuo vikuu, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dodoma, viombwe kuvifanya. La pili, jaribio la gunzi na sumaku liingizwe katika kazi za vitendo za kemia na fizikia, na matokeo yaandikwe, hata yale yaliyoharibika. La tatu, taasisi za utafiti ziyapokee madaftari hayo kama taarifa za kweli zinazostahili kusomwa na kujibiwa. Mwalimu Nyerere alipotoa siasa ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe sehemu ya jamii inayoizunguka. Jembe la shamba la shule lilikuwa njia moja ya kulitimiza hilo. Mizani na daftari ni njia nyingine, wala haihitaji mvua.

Huenda baadhi ya watu wakasema kwamba gramu chache za mkaa wa kopo hazitabadili maisha ya mtu yeyote Kibaigwa. Kwa hesabu ya leo wanasema kweli. Lakini kitoni wa pwani hakwangui mwamba wote kwa siku moja, wala jino lake halikuanza kuwa gumu. Lilianza kwa kiunzi laini chenye nafasi ndani yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na anayetaka kujifunza kutoka kwa maumbile hana budi kuinama penye rundo la magunzi lililo nyuma ya nyumba, akalipima kwanza, ndipo aseme.